Karata Zilizolala Kifudifudi

Las Vegas, Nevada
Jumatatu asubuhi

Kwako dada yangu Oleta,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo San Saba, pamoja na wale mbwa wako wawili wanaonibwekea kila nikija kana kwamba nimekuja kuiba. Natumai goti limepunguza kuuma, na kwamba umeacha kupanda ngazi kukung'uta njugu za mipekani kama msichana, maana ukianguka mimi siji kukuokota. Kwangu si kubaya. Asubuhi nakohoa, mchana naona vizuri, na daktari ameniambia moyo wangu sasa unadunda kwa mazoea tu. Joto la huku halina adabu, lakini hilo si geni.

Barua yako niliipata, nikaisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Umeniambia kwamba Renae, binti yako wa pekee, amepata mchumba huku Nevada, na kwamba mchumba mwenyewe hana kazi nyingine duniani ila kucheza poka. Ukaniagiza nikamtazame, kwa kuwa mimi ndiye mjomba na nimeishi kwa kusoma nyuso za watu. Ukaandika kwamba unataka kujua jambo moja tu, kama kijana huyo ni wa aina yangu. Akiwa wa aina yangu hukanyagi kanisani, na Renae ajue kwamba siku ya harusi yake hana mama.

Swali lako sikulichukia. Nilitaka kulichukia nikashindwa. Basi jana Jumapili nilikwenda, na nitakueleza yote. Lakini kwanza nikueleze aina yangu ni ipi, maana wewe uliiona kwa upande wa jikoni tu.

Unakumbuka nilivyotoka hapo nyumbani, na suti moja na pakiti ya karata. Baba alisimama barazani akasema leo tumempoteza mvivu mmoja, shamba litapumua. Yeye alichuma pamba ya wenzake hadi mgongo ukakataa kunyooka, na aliita hiyo ndiyo heshima. Nilimdharau wakati ule na sijaacha. Mimi nilicheza nyuma ya vinyozi na juu ya maduka ya chakula cha mifugo, kwenye vyumba vya hoteli ambavyo mapazia yake hayajawahi kuona sabuni, kutoka Brownwood hadi Lubbock, Odessa, na kurudi Fort Worth. Polisi walichukua chao mlangoni, majambazi wakachukua chao dirishani, na ukiwaponyoka hao unamkuta mwizi wa karata amekaa mezani anakuchekea. Mara moja majambazi walituvua suruali wote, tukapangwa ukutani na soksi zetu, mimi na matajiri wa mafuta. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tajiri wa mafuta bila suruali ni mtu tu mwenye miguu myembamba. Tangu siku hiyo sikumwogopa tajiri.

Na nani alinilisha? Madaktari wa meno, wanunuzi wa pamba, wauza magari, na wachungaji waliovua kola zao wakadhani hatuwajui. Kila mmoja alikuwa na akili nyingi kazini kwake. Akija mezani, akili anaitundika pamoja na kofia. Walikuwa wakiniambia wana bahati mbaya. Nami nawaitikia, ndiyo bwana, bahati yako leo imelala, rudi kesho. Nao wanarudi.

Nikupe somo moja bure, maana utalihitaji mbele katika barua hii. Mjinga akiona mkono wa mwenzake unatetemeka juu ya karata, anadhani ni woga. Si kweli. Anayetishia nyau, yaani hana kitu mkononi na anataka umdhanie anacho, huyo hatetemeki. Amejibana mwili mzima asijulikane. Anayetetemeka ni yule aliyefunua karata akakuta ushindi umemkalia. Roho yake imeshapumzika, mwili ndio haujajua kukaa kimya. Ukiuona mkono unatetemeka, tupa karata zako uondoke. Somo hilo limeninunulia kila suti niliyovaa.

Tulikuwa na miiko yetu pia, usidhani tulikuwa wahuni tu. Mtu akitupa karata zake kifudifudi, akakubali kushindwa, zile karata hazifunuliwi. Hukulipa kuziona, basi huzioni, na niliwahi kuona mtu akivunjwa kidole kwa kuzigusa. Na mezani hakuna kumwachia mtu. Ukimwachia rafiki yako ashinde, umewaibia wote waliokaa na umemtukana yeye mwenyewe. Tukimshika mtu na hilo tulimtoa nje, na kofia yake ikamfuata.

Mimi sikumwachia mtu yeyote. Baba yake Nelda alinikaribisha mezani siku niliyokwenda kuchumbia, kwa adabu tu, mgeni asikae bure. Niliondoka na tandiko la farasi wake. Na Nelda mwenyewe, wewe unajua kuliko mtu mwingine. Alipokuwa amelala katika chumba chako cha nyuma, anapungua kila siku, tulicheza juu ya blanketi, tukitumia pekani za miti yako badala ya pesa. Kila jioni nilimnyang'anya zote. Wewe ulikuwa unasimama mlangoni na sinia la supu, unanitazama kwa macho ambayo sikuyapenda. Siku moja ulinivuta ukumbini ukaniuliza, Hollis, ukimwachia mara moja tu utapungukiwa na nini? Nikakujibu kwamba Nelda aliolewa na mcheza karata, hakuolewa na muuguzi. Jibu hilo nililipenda. Nimewasimulia watu wengi mezani, na walicheka.

Hiyo ndiyo aina yangu. Sasa tuje kwa kijana.

Kwanza ujue nilikwenda na dharau yangu kamili, sikuiacha nyumbani. Tangu runinga ianze kuonyesha poka, kila mtoto aliyefukuzwa chuo ni bingwa. Wanakuja mezani na miwani myeusi na kofia ya sweta hadi puani, masikioni wameziba na muziki, kisha wanasema wanasoma mchezo. Unasoma nini, na umejifunika kama mzinga wa nyuki? Wengine hawaji kabisa. Wanacheza nyumbani kwa kompyuta, meza nne kwa pamoja, wamevaa kaptura, na yule wanayemla hawajui hata kama ana masharubu. Mimi hucheza asubuhi na wastaafu, meza ya pembeni karibu na choo. Meneja akipita hunipiga bega, huniita Gwiji, kisha huwaambia watalii wapige picha na mimi. Naye namdharau, ila kahawa yake ni ya bure.

Kijana anaitwa Bryce. Alinifungulia mlango hana viatu. Mkono aliponipa ulikuwa laini mno. Nilimuuliza kwao wapi, akasema Oregon, na kwamba mama yake ni daktari wa meno. Nikasema moyoni, mwanangu, ukoo wenu nimeula sana. Akaniongoza jikoni, akavaa aproni, akageuza nyama ya kidari mbele yangu kwa uangalifu kama anabadilisha mtoto nepi. Mcheza karata na aproni, Oleta. Nilitafuta pa kutazama.

Wakati wa kula nilimkagua. Renae akaniambia, mjomba, umekuja kula au umekuja mnadani, maana umebakisha kumfunua meno tu. Nikamjibu kwamba meno yake bila shaka ni mazuri, mama yake ameyashughulikia. Kijana akacheka. Hilo pia sikulipenda, maana mtu wa karata akitukanwa hacheki, anaweka akiba. Nilimuuliza anamsomaje mtu ambaye hamwoni. Akasema, mjomba, sisi hatusomi uso, tunasoma hesabu, uso unadanganya lakini namba hazidanganyi. Nikamwambia namba hazitoki jasho. Akafikiri, akasema hilo ni kweli, angependa kujifunza. Wakati wote huo alikuwa anamwekea Renae vipande visivyo na mafuta, bila kuangalia sahani.

Baada ya pai nikasema leteni karata. Renae akakunja uso akasema, haya, yameanza, mimi nakwenda kuanua nguo. Lakini hakwenda, alisimama mlangoni na jagi la chai ya baridi. Nilitaka mchezo wa kizamani, karata tano mkononi, unatupa usizozitaka na kupewa nyingine mara moja tu, basi. Tukamwaga mezani lile gunia la pekani ulilomtumia Renae, tukagawana.

Sasa nikwambie ukweli, na usiusome kwa sauti mbele ya mtu. Kijana alinila. Hakuwa na miwani wala kofia, na uso wake uko wazi kama dirisha, kila kitu kinaonekana ndani. Niliona kila alichokuwa nacho. Niliona, lakini nikachelewa. Jicho linaona, kichwa kinafika baadaye, na kikifika pekani zimeshakwenda upande wa pili. Zamani jicho na kichwa vilikuwa kitu kimoja. Rundo lake likakua, langu likabaki la kutia mfukoni. Naye anagawa karata kwa upole, mjomba chukua, mjomba zamu yako, upole unaomfanya mtu atamani kutukanwa.

Hasira zikanipanda. Mfukoni mwa kizibao nilikuwa na pete ya Nelda, ile uliyoniomba katika barua mbili nimpe Renae, nami nikajifanya barua hazikufika. Unaijua pete ile. Imelala katika maduka ya rehani kuliko ilivyolala kidoleni, ila kila mara niliikomboa, na tangu Nelda azikwe haijatoka kwangu hata siku moja. Tulikuwa tumeshatupa karata na kupewa nyingine. Yeye alibadilisha moja tu, imelala mezani bado hajaitazama. Mimi nilikuwa na tisa mbili na takataka. Nikaitoa pete nikaiweka katikati. Nikamwambia, njugu ni za watoto, tucheze sasa. Ukinishinda, pete ni yako, mvishe umpendaye. Ukitupa karata, rundo lako lote ni langu, na kesho namwandikia mama mkwe wako kwamba wewe ni debe tupu, asisumbuke kuja kanisani.

Renae akasema, mjomba, acha. Sikumtazama. Nilikuwa namtishia kijana nyau kwa nguvu zote zilizobaki katika mwili huu. Lakini naona wakati naiweka ile pete kidole changu kilichelewa kuiachia. Kidogo tu. Zamani kisingechelewa.

Bryce akainua karata yake ya mwisho, akaiingiza kati ya zile nne, akazitazama. Mkono wake ukaanza kutetemeka.

Oleta, nilipoa mpaka miguuni. Nilijua pete imekwenda. Niliiaga hapo hapo, kimoyomoyo, kama mtu mzima. Bryce akaitazama pete. Akatazama kidole changu, yeye asiyesoma watu. Akamtazama Renae pale mlangoni, na nikaona anahesabu, lakini hesabu ile haikuwa ya karata. Kisha akazilaza karata zake kifudifudi, akazisukuma mbali naye, akasema, umeniweza mjomba, sina kitu.

Nikakusanya pete na pekani zote. Na unajua nilifanya nini? Nilijisifu. Nilijiambia labda vijana wa siku hizi hutetemeka kwa kahawa, na kwamba jicho langu limemvunja. Nikamsema pale pale mbele ya mchumba wake. Nikamwambia hana ini, amelelewa na kompyuta, angekutana nami Odessa angerudi kwao amevaa pipa badala ya suruali. Akaitikia tu, ndiyo mjomba, nimekuogopa. Renae akaweka jagi mezani kwa nguvu, akatoka uani kuanua nguo, na kijana akamfuata kumsaidia.

Nikabaki peke yangu na meza. Zile karata zake zilikuwa pale, zimelala. Maisha yangu yote, Oleta, sijawahi kufunua karata ambayo sikuilipia. Nimewaona watu wakisaga meno usingizini kwa kutaka kujua mwenzao alitupa nini, nami nikawacheka. Jana nilinyoosha mkono nikazifunua. Wafalme watatu na saba mbili. Katika mchezo ule hakuna mtu mwenye akili timamu anayetupa wafalme watatu na saba mbili, hata nyumba ikiwaka moto. Mimi nilikuwa na tisa mbili.

Kitu cha kwanza nilichotaka ni kumfuata uani nimzabe kofi. Ameniachia. Mimi, nimeachiwa, kama bibi kizee anayepewa kiti kanisani. Na amefanya hivyo akijua nitamwandikia mama mkwe kwamba ni debe tupu, na kwamba pete aliyoitaka kwa ajili ya msichana wake ilikuwa mbele yake. Alikuwa na kila sababu ya kunimaliza. Nilizichanganya karata zote haraka, nikakaa, na waliporudi na kapu la nguo walinikuta natafuna pekani. Kijana akaniuliza kama nataka kipande kingine cha pai. Nikakubali.

Basi nimekaa tangu alfajiri nakutafutia jibu lako, na hili hapa.

Kijana huyu hafai. Kama mcheza karata ni hasara tupu. Ana hesabu, ana subira, lakini ana ugonjwa ambao hauna dawa, anamwona mtu aliyekaa mbele yake. Leo amemwachia mzee mmoja, kesho atamwachia mwingine aliyefiwa, na keshokutwa mwanamke mwenye mimba. Miaka haitakuwa mingi atarudi Oregon kumsaidia mama yake kushika taa kinywani mwa watu. Mtu wa aina yangu angekuwa na pete ile mfukoni hivi sasa. Angenishinda, angenipa mkono, angekula pai, na angelala usingizi mzuri. Nakuhakikishia, maana ningelala.

Jioni ile ya mwisho ya Nelda, wewe ulikuwa umekwenda kumwita daktari. Alikuwa amebakiwa na pekani chache, akazisukuma zote mbele kwa kiganja, akaniangalia na kutabasamu kama amenishika safari hii. Alikuwa na karata mbili za bibi. Mimi nilikuwa na ree tatu, karata kubwa kuliko zote. Ningezitupa kifudifudi, nani angejua? Miiko ni miiko, asingezifunua. Angecheka. Alikuwa na kicheko kizuri, unakikumbuka. Nilimwonyesha ree zangu, nikachukua pekani zake.

Uliniuliza ukumbini ningepungukiwa na nini, na nimetembea na jibu langu miaka yote hii kama lulu. Jana mtoto wa daktari wa meno, hana viatu, alinijibu. Hupungukiwi na kitu. Karata zinalala mezani, watu wanakwenda kuanua nguo, pai inaliwa.

Nenda kanisani, Dada. Vaa lile gauni la bluu. Si wa aina yangu.

Pete imo humu ndani, nimeifunga katika kipande cha soksi safi. Mpe Renae, umvishe mwenyewe, mwambie mjomba wake aliishinda kihalali na anampa amtakaye. Bryce usimwambie kwamba nilizifunua. Nina sifa moja iliyobaki, nisingependa ipotelee kwa mtu anayevaa aproni.

Usipande ngazi. Wasalimie majirani wote wanaonikumbuka kwa uzuri, kazi hiyo haitakuchukua muda, na wale mbwa wape mfupa kwa jina langu. Ukipita makaburini, kwa Nelda, ung'oe yale majani yanayoota upande wa kichwani, na umwekee pekani, zile ndefu za mti wa karibu na kisima. Weka nyingi.

Ni mimi mdogo wako,
Hollis